Alama ya Chaki

Mimi ni mnyoosha bodi, Maweni, nyuma ya kinu cha mahindi.
Magari hunijia yakiwa yameshasema;
mimi huyasikiliza kwa nyundo.

Famau Shekuwe aliuza kigari chake cheupe,
akauza na kipande cha shamba kule Ganda,
mkewe alipojifungua mapacha.
Akarudi kutoka Mombasa amekaa juu kama kadhi,
injini ikinguruma hata pati mbichi ikateremka
kwenye mlango niliokuwa nimeukanda.
"Usalama, fundi," akasema. "Sasa nina watu.
Nikiwa humu naona bodaboda zote mpaka sokoni."

Sikumbishia. Nimeyaona.
Lori la chumvi la Gongoni lilipokosa breki
lilikutana na magari mawili, refu na fupi.
Wa gari refu walishuka wenyewe,
mmoja akiulizia kiatu chake.
Kwa wa gari fupi niliitwa mimi, na msumeno.
Sisemi zaidi. Chuma kile kiko nyuma ya banda,
kuku hutaga humo.

Ila nimeona na hili:
refu, jipya, nailoni ingali kwenye viti,
lilimkwepa mbuzi ng'ambo ya daraja la Sabaki.
Mbuzi akabaki anatafuna.
Gari likapiga kichwangomba mara mbili
likalala chali, magurudumu yakizunguka
kutafuta barabara mbinguni.
Kigari kingeyumba, kingepasuka bampa,
ningemtoza mwenyewe elfu nne na soda.

Basi ukiniuliza lipi salama
nitakuuliza: likigongwa na nani?
Kisha nitakuuliza, polepole zaidi: likimgonga nani?

Famau nilimwambia tu, "Hebu kaa usukanini."
Nikaweka ndoo ya pati mbele ya boneti.
"Waona nini?"
"Mkwaju wa kwa Mramba."
Nikapandisha ndoo juu ya ndoo.
"Mkwaju."
Nikaongeza na kopo la rangi.
"Fundi, wanichelewesha. Mkwaju!"

Nikaziondoa. Hapo Nyevu akaja na chupa ya chai.
Hakuna aliyemwambia asimame pale.
Alisimama tu, kama watoto wasimamavyo,
akajiona kwenye chuma kile kinachong'aa,
akautolea ulimi uso wake.
"Na sasa?" nikauliza, sauti si yangu.
"Sasa hakuna kitu. Peupe. Niende?"
Mkono ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Mgema akiwa kileleni huiona Mambrui yote;
aliyeketi shinani
hujulikana kwa dafu linapomwangukia.

Sikupiga kelele. Nilimshika mwanangu bega
nikamrudisha nyuma, hatua moja, tatu, tano,
ya saba ndipo utepe wake mwekundu
ulipochomoza kwenye kioo,
na Famau akanyamaza.

Hakuliuza. Deni la benki haliuziki.
Lakini siku hizi, kabla ya kuondoka,
hulizunguka kwa miguu, pindo la kanzu mkononi,
ameinama kama aliyeangusha sarafu.
Majirani humcheka: tajiri gani huyu
anayelichungulia gari lake kama mwizi?
Kuna asubuhi huchelewa, husahau.
Nasikia injini ikiwaka mara moja tu mlango ukifungwa,
nami nyundo huniganda hewani
mpaka mlio upite kinu, upite msikiti, uishe.

Kwenye nguzo ya banda nimepiga mstari wa chaki,
kimo cha boneti ile.
Mwaka jana ulimpita Nyevu utosi.
Mwaka huu uko kwenye nyusi.
Kila Ijumaa namsimamisha, visigino nguzoni,
naye hudhani nafurahia anavyokua.
"Kula," namwambia. "Kula, mama, urefuke."

Mapacha wa Famau wameanza kutembea.
Wanaipenda bampa.
Ndiyo wanayoshikilia wasianguke.