Pwani Ipi, Bi Velda?

Simu ya kwanza huja kabla sijavua kofia.
"Pwani ipi ni nzuri?" Wote huanzia hapo,
kana kwamba Barbados ni duka la viatu
nami nina kazi ya kuuliza tu namba ya mguu.

Mimi huuliza mengine.
Unalala mapema, au usingizi wako hukesha?
Unaye mtoto asiyesikia la mkuu?
Magoti yako yanaelewana na ngazi?
Mnapendana bado, au mnakuja kujaribu?
(Hili la mwisho silitamki. Hujijibu lenyewe
katika namna wanavyosema "sisi".)

Magharibi, namwambia mwenye watoto,
maji ni supu iliyopoa sahanini,
ila bei za huko hazina haya
na kila kivuli kina mwenyewe.
Kusini ni kwa wenye miguu ya dansi:
Ijumaa, Oistins, samaki hukaangwa hadi usiku wa manane
na muziki huingia chumbani bila hodi.
Mashariki usiogelee. Narudia: usiogelee.
Atlantiki haina utani,
na siku hizi mwani wa kahawia huja malundo kwa malundo,
ukioza ni mayai viza.
Bosi hapendi nitaje mwani.
Nautaja. Mgeni hudanganywa mara moja tu.

Jumanne akapiga Bwana Ormerod, wa Leeds,
sauti ya mtu aliyezoea kuomba radhi.
Hakuuliza bei. Hakuuliza kifungua kinywa.
"Ninayo picha," alisema, "ya mwaka sabini na nne.
Fungate yetu. Nyuma hatukuandika jina la mahali.
Winifred ndiye aliyekuwa akikumbuka."
Aliyekuwa.
Nikaiweka kalamu chini.

Nieleze hiyo picha, nikamwambia, polepole.
Mchanga. Sawa, mchanga tunao.
Bahari. Shwari? Shwari.
Mnazi? La, mti mpana, majani yanang'aa,
na Winifred chini yake, nywele zimelowa,
manyunyu yamemkimbiza hapo, anacheka.
"Shinani pana mstari wa rangi nyekundu.
Nilidhani ni mapambo."

Si mapambo, Bwana Ormerod.
Ule ni manchinili. Hata sisi tuliozaliwa hapa
huupitia mbali. Tunda lake ni kama tufaa changa,
ukilionja utamwita mama yako,
na mvua ikichuruzika majanini mwake
huunguza ngozi.

Kimya. Kisha kicheko,
au kitu kilichoazima nguo za kicheko:
"Bega lake lilitoka malengelenge. Wiki nzima.
Tukalilaumu jua. Miaka arobaini na tisa
tumelilaumu jua."

Mti naujua. Uko mbele kidogo ya Speightstown,
pale mjomba Clairmonte alipokuwa akiogeshea kondoo.
Mti upo; ufuo ndio haupo.
Nusu imeliwa na bahari,
nusu imezungushiwa ukuta wa hoteli
na njia yetu sisi wengine ni upana wa mtu mmoja,
kati ya ukuta na mapipa ya taka.

Ningeweza kumuuzia chumba cha hapo hapo,
dirisha likiutazama mti. Bosi angeninunulia keki.
Nikasema: Usilale pale.
Pengine ni pa kutembelea, si pa kutandika kitanda.
Lala Bathsheba, kwa Bi Eudene, ana vyumba vitatu,
mawimbi hupiga kelele usiku kucha
na mtu akilia hakuna atakayejua.
Asubuhi panda basi, uwe na chenji kamili,
shuka kanisani, fuata mapipa.
Simama mbali na matawi.
Mvua ikianza, ondoka. Usingoje.

"Lakini mashariki watu hawaogelei," alisema,
kumbe mtu alishasoma kabla ya kupiga.
"Si neno. Sijui kuogelea. Yeye ndiye aliyejua."

Usiku saba, nikaandika, upande wa mawimbi.
Nilidhani amekata simu.
"Ule mstari," akauliza, "bado wanaupaka?"

Kila Novemba, Bwana Ormerod,
kabla hamjaja.