Kidato cha Inchi Tano

Fundi Thembo alichora kwa mkaa juu ya ubao:
vidato vitatu, nguzo mbili, paa.
"Kazi ya siku nne," akasema, "sita mvua ikitaka."
Mama aliutazama mchoro kama mtu anayehesabiwa chenji,
akauliza swali moja:
"Kidato kimoja kina kimo gani?"
Inchi nane.
Akapandisha gauni, akamwonyesha goti.

Thembo hakubisha. Alipanga matofali uani,
akalaza ubao juu yake,
na Mama akapanda, akashuka, akapanda tena,
mkono begani kwangu,
bega langu likawa mizani:
inchi saba, ananing'ang'ania;
inchi sita, ananigusa;
inchi tano, amenisahau
na anamkemea kuku.
Tukaandika tano.
Vidato vitatu vikawa vitano,
sementi ikapanda mifuko miwili.
Usiku nilihesabu shilingi zangu, nikazima taa.

Mawe hatukununua.
Nyamwamba ndiyo iliyoyaleta, usiku ule
mto uliposhuka Kilembe na daraja mdomoni,
ukachukua jiko, mbuzi wa karo, choo cha jirani na mlango wake,
ukatuachia mawe shambani,
makubwa, meupe,
yamekaa miaka yote kama wageni wasiojua kuaga.
Sasa tunayapasua kwa nyundo. Ndani yanametameta.
Thembo alianza kusema neno la busara
juu ya mawe yaliyobomoa na mawe yatakayobeba nyayo.
Mama alimkatiza.
Alitaka lile moja, lenye doa jekundu,
lililolala juu ya jiko lake,
liwekwe chini kabisa, kidato cha kwanza,
"nilikanyage kila siku."

Paa tuliligombania asubuhi nzima.
Thembo alitaka urembo, pembe tatu mbele
kama nyumba za barabara ya Kasese.
Lakini mvua ya huku haidondoki, inatembea,
inatoka milimani kwa ubavu
na kuingia ndani kabla hujaisikia kwenye bati.
Basi pembe hapana. Mteremko mmoja,
upande wa mlima bati lizidi futi mbili,
mfereji umwage kwenye pipa,
na nguzo ziwe za mkaratusi uliokauka kweli,
si ule wa mwaka jana unaopinda ukiutazama.

Tulidhani tumemaliza.
"Na pale juu," akasema Mama, "mbele ya mlango. Upana?"
Futi nne.
Akaendelea kuchambua maharage.
Kisha, kwa sauti ya kuagiza chumvi:
"Baba yako tulimtoa amesimama.
Mlikuwa mnalia, hamkuona. Mimi niliona.
Wanaume wanne walikosa pa kugeukia,
wakaliinua jeneza wima kama kabati."

Thembo alivuta futi yake ya chuma,
akapima hewa, mlango, hewa tena.
Akafuta mstari kwa kiganja,
akaandika saba.
Kiganja kilibaki cheusi,
hakukipangusa hadi jioni.

Hatujapaka rangi bado. Zege la kidato cha tano
lina unyayo wa Masika, binti yangu, na ameapa si wake.
Jana mvua ilitembea kama kawaida yake.
Wakakimbilia kwetu wanafunzi wawili na madaftari ndani ya mashati,
mchuuzi wa viatu vya mitumba, fundo lake limelowa,
mwanamke nisiyemjua mwenye mtoto mgongoni,
na mbuzi wa Biira, ambaye hakukaribishwa na mtu.
Mama alitoka na kigoda chake, ametembea mwenyewe,
akawatazama wote walivyojibana ukutani.
"Sogeeni huku, jamani," akasema,
"pana nafasi. Nililipia."