Maswali Mawili Katika Bahasha Moja

Wiki hii mfuko wangu wa barua una uzito wa ndama.
Vitabu vya wagombea, kurasa tisini na mbili,
kimoja kwa kila mpiga kura,
hata kwa marehemu wa nyumba namba kumi na saba
ambaye jimbo halijapata habari zake.
Mbwa wa akina Vang, asiyenipenda miaka yote,
leo amekinusa kitabu, akakaa chini.
Labda naye amesoma.

Swali la kwanza: gavana ang'olewe? Ndiyo au hapana.
La pili: aking'olewa, nani akikalie kiti?
Chagua mmoja katika hawa arobaini na mmoja.

Hesabu niliipiga nyuma ya risiti:
gavana akibakiziwa na arobaini na tisa katika mia,
anafungasha virago.
Muuza mabwawa ya kuogelea akipata kumi na nne,
anakabidhiwa funguo.
Nikaifuta, nikairudia.
Jibu halikuona haya, lilikuwa lile lile.

Nimewasoma wote, mchana, ndani ya gari, mlango wazi.
Yuko daktari wa meno, sentensi moja: Nitang'oa kilichooza.
Yuko mama aliyekuwa akipika kwenye televisheni.
Yuko mwanamieleka mstaafu, shingo hana, sera hana.
Yuko kijana wa miaka ishirini na miwili
atakayeshusha bei ya petroli, hasemi kwa kamba gani.
Na huyo wa mabwawa, Brock Tillinghast,
anacheka kwa meno yote thelathini na mawili,
nyuma yake maji ya buluu.

Maji ya buluu!
Picha ile nimekaa nayo kuliko zote.
Kisima chetu kilikauka mwezi wa Mei.
Ludovina anaoga kwa ndoo.
Lori la jimbo huja Jumanne kutujazia tanki,
Jumanne nyingine halijisumbui.
Ukiligonga tanki linavuma;
wahenga walilisema debe tupu,
ila lao halikuwa na kibandiko chenye jina la gavana.

Usidhani namtetea.
Huku bondeni alikuja mara moja, buti mpya,
akaushika mlozi uliokufa kama anayempa mkono mfiwa,
akapigwa picha,
akaondoka vumbi halijatua.
Lakini kuna kuruka mkojo ukakanyaga mavi,
na kuna kuchangishwa mamilioni ya dola
ili uruke.

Sasa nikiri.
Agosti ya mwaka jana, nje ya duka la vyakula,
kijana mmoja, Garrick, alikuwa na meza, mwavuli na karatasi.
Nikamuuliza kwao wapi. Arizona, akasema.
Analipwa kwa kila sahihi;
hii ya gavana inalipa kuliko ile ya vizimba vya kuku.
Na wewe ungempigia nani?
Mimi? Mimi si wa hapa, mzee.
Akafungua sanduku la barafu, akanipa chupa ya maji.
Joto lilikuwa la kupasua lami.
Nikatia sahihi, jina zima, Anselmo Bettencourt,
kwa mwandiko niliofundishwa na masista.
Chupa moja.
Basi uzito huu begani,
ratili kadhaa ni zangu.

Jioni nimefika kwangu,
nikajitilia kitabu changu sandukuni, nikafunga,
kisha nikafungua kama mtu mwingine.
Swali la kwanza nimelijibu. Sikwambii.
La pili nilizunguka nalo hadi taa za jirani zikazimwa,
kalamu ikishuka majina arobaini na moja
na kupanda tena, kama mtu aliyesahau ghorofa yake.
Nimeliacha jeupe.

Ludovina amekipima kitabu mkononi,
hakukifungua.
Amekikunja mara mbili
akakisukumiza chini ya mguu wa meza ya ndoo,
ule mfupi.
Haiyumbi tena.
Kesho ni Jumanne.