Nusu Saa

Daktari hakuinua hata kichwa:
"Kutembea. Nusu saa, kila siku. Saa ipi, utachagua mwenyewe."
Akaandika mwandiko wa kuku aliyekimbizwa,
nami nikatoka na karatasi mkononi,
na siku yenye saa ishirini na nne
ambazo hata moja haikuwa yangu.

Nikaanza na alfajiri, maana ndiyo inayosifiwa.
Julai, Dodoma, saa kumi na moja:
upepo unaingia mkono wa sweta
bila hodi, unatafuta mbavu.
Mbwa wa Area A wakanirudisha nyumbani.
Nilikimbia, ndiyo, siku ile nilikimbia kwelikweli,
lakini si mbio zilizoandikwa kwenye karatasi.

Nikahamia mchana, muda wa chakula,
mafaili yamelala, masjala imefungwa.
Nikalizunguka jengo mara mbili.
Jua la hapa halichomi tu, linahoji:
watoka wapi, waenda wapi, ofisi umemwachia nani?
Nikarudi na ramani za chumvi mgongoni;
bosi akapeleka mkono puani, akajifanya anafikiri.

Jioni nayo ina wenyewe.
Vijana wa fulana za rangi moja
wanakimbia wakiimba, vumbi likiitikia;
na pale kona, moshi wa mishkaki
ukanishika kiuno kama ndugu wa siku nyingi.
Nilitembea dakika kumi na mbili.
Nilikaa saa moja na nusu.

Usiku sikujaribu. Usiku una pasi na sare za watoto,
una bomba linalokohoa hewa
kabla ya kukubali kutoa ndoo moja.

Sasa, asubuhi moja ninafagia nje ya geti,
mwanga bado rangi ya uji wa uwele,
akapita Mbeleje, mlinzi wa ile benki,
koti zito, rungu kwapani, kamba za buti zinaburuta.
"Mbukwenyi," akasema.
Nikajibu kwa ulimi wangu wa Muheza, nikaharibu,
akacheka kwa adabu.
"Waenda wapi?"
"Nkuhungu. Kulala."

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikamfuata.

Kwake ilikuwa jioni. Kwangu, asubuhi.
Jua moja, yeye linamfungia siku, mimi linanifungulia.
Akipiga mwayo nami naupokea.
Akanisimulia ya usiku: paka kagusa king'ora,
meneja kaja mbio na bukta,
paka katulia juu ya gari la meneja.
Tukafika njia panda, nikatazama saa:
dakika thelathini na moja.

Siku ya tisa akaniuliza,
"Hivi wewe, wanakulipa ngapi kutembea?"
Nikamwonyesha karatasi.
Akaisoma taratibu, mpaka kwenye muhuri,
akacheka, rungu likaanguka chini.
"Dada, dawa hii mimi naimeza mwaka wa tisa.
Nauli ya bodaboda ndiyo daftari la mwanangu."
Nilihesabu hatua nyingi bila neno.

Oktoba wakambadilishia zamu.
Siku tatu nilisimama getini na ufagio,
nikafagia mpaka udongo mwekundu ukaona aibu.
Siku ya nne, jua linazama,
geti likagongwa kwa rungu, mara mbili.
"Mgonjwa! Hutembei leo?"

Tukaipita kona ya mishkaki bila kugeuka.
Hapana, niligeuka.
Mbeleje akanivuta kwa mkono wa sweta,
mkono uleule wa upepo wa Julai.

Ofisini wameona sketi inalegea, wananiuliza:
saa ipi ndiyo nzuri, alfajiri au jioni?
Nawaambia, mwezi huu ni jioni.
Mwezi ujao sijui.
Kamuulizeni anayepanga zamu pale benki.