Kijiti

Mie mtu wa faili,
si mjuzi wa kauli,
ila hii ndiyo kweli
ya Mwidani wa zamani.

Mama yake mkaanga
viazi, mikono unga;
yeye sinia hupanga
asubuhi barazani.

Kisha mbio hadi chuo,
kitabu ndani ya nguo,
kapita kila kituo,
basi li nyuma vumbini.

Wanne tulikimbia,
chuo chetu kutetea,
wa tatu nikipokea,
wa nne yeye, mwishoni.

Chokaa ya chuo mbichi
ukutani; na hatuchi,
miguu yetu i uchi,
Tononoka uwanjani.

Siku ile, fainali,
tuko mbele, tena mbali;
Mwidani hakuhimili,
akachomoka njiani.

Nyuma mkono katupa,
nami mbio nikampa;
kijiti kikatuchupa,
kikalala mchangani.

Kosa lake au langu?
Hakuuliza mwenzangu;
nami, ulimi ni wangu,
niliufunga kinywani.

Akenda ng'ambo kusoma,
baridi ikimuuma,
barua moja katuma:
"Jua hapa silioni."

Kurudi, akafungua
chumba chavuja kwa mvua;
mimi akanichukua
niwe naye Kibokoni.

Wakaja watu wa gati
wamevunjwa na makreti,
wapangaji bila hati
wa nyumba za Majengoni.

Walolipa, walilipa;
na wengine waliapa
kulipa, wakatukwepa
tukikutana sokoni.

Joho lake la mtumba,
pindo tulitia kamba,
na jasho likamkumba
siku ya kwanza kotini.

Kotini hakuna mbio:
akitega masikio,
akipima kila tuo,
ndipo atoke kitini.

Kuli mmoja, Chimera,
winchi ilimparura,
akanyimwa na ujira;
kesi ikaja mezani.

Mwidani kanyamazia
bosi akijitetea,
hadi alipopotea
kwa maneno ya kubuni.

Na faili nikileta,
mkono hakuuvuta,
hata kesi ikiita,
hadi imo kiganjani.

Miongo mitatu hivyo
nilimpa vivyo hivyo,
kesi ziwavyo ziwavyo,
moja haikwenda chini.

Kesi nyingi tulishindwa:
mawe ya mpaka kupandwa,
wapangaji wakawindwa
watolewe vibandani.

Juzi nilipomwendea,
sauti imepotea;
mkono kanyooshea
nyuma, pale kitandani.

Sikuwa na kitu changu:
nikampa fimbo yangu.
Nikasema, "Kosa langu."
Kaibana kiganjani.