Fundi wa Spika, Tangamano

Jumamosi nawafungia Wakristo, Jumapili Waislamu.
Waya ni zilezile, na feni ya amplifaya
haijui inapoza maneno ya nani.
Bei yangu moja: elfu themanini, mafuta ya jenereta juu yenu.

Basi nimesikia.
Miaka kumi na tisa nimeketi nyuma ya meza,
kidole juu ya kitufe cha sauti,
nikiitazama migongo ya watetezi wa imani yangu.
Mgongo hausemi uongo: huloa jasho kabla hoja haijaisha.

Mwinjilisti Shekiondo hupigana kwa aya.
Sura, mstari, sura, mstari, kama karani wa bohari
anayehesabu marobota ya mkonge asiibiwe hata moja.
Sauti yake naipunguza mapema.
Akishinda, upande wetu hupiga vigelegele;
akishindwa, takbiri hutoka upande wao.
Sijamwona aliyevuka uwanja.

Wakili Kaniki, aliyestaafu, hakimbilii aya.
Yeye huita mashahidi: kaburi tupu,
wanawake waliodamka alfajiri,
wanaume waliokubali kufa kuliko kukana walichokiona.
"Mtu huweza kufia uongo wa mwenzake," husema,
"lakini uongo alioutunga mwenyewe?"
Kisha hukohoa, kama anampa hakimu nafasi ya kuandika.
Nampenda huyu. Ila muuza kahawa aliwahi kumjibu:
"Wakili, kesi ya shamba la baba yangu kule Pongwe
mashahidi walikuwa hai, wamesimama kizimbani,
na tulishindwa."

Mwalimu Mhina huanzia mbali:
kila kilichoanza kina aliyekianzisha.
Hugeuka akainyooshea kidole mitambo yangu:
"Je, hii ilijiunga yenyewe?"
Nami nacheka kimoyomoyo,
maana niliiunga mimi, kwa vipande vya redio tatu zilizokufa,
na nusu yake sijui kwa nini inafanya kazi.

Halafu yule kijana Ngereza, mwenye miwani, sauti ya chini:
"Wewe unayenidai ushahidi, unapimia rula gani?
Na rula yenyewe uliipima kwa nini?"
Uwanja ukanyamaza. Nikadhani fyuzi imekatika.
Hoja hiyo niliibeba hadi nyumbani Mabawa, nikalala nayo.
Asubuhi nikaiona ina makali pande zote,
mpini haina.

Chambuso, mwanafunzi wangu, anaswali tano, hakosi,
na lehemu anaishika vizuri kuliko mimi.
Juzi, koili mkononi, akaniuliza bila kuinua macho:
"Na wewe, fundi? Wao wamesema. Wewe je?"

Nikatafuta aya, ikaja nusu.
Nikatafuta shahidi, chanzo, rula.
Nikajikuta namsimulia habari ya Mbelwa,

Mbelwa aliyeniibia transfoma mbili
mwaka ule mke wangu amelazwa Bombo.
Nikatoka usiku na nondo chini ya koti.
Penye reli, mabehewa ya saruji yalikuwa yakipita,
marefu, taratibu; nikasimama nikiyahesabu.
Thelathini na moja. Yalipokwisha njia ikawa wazi kabisa,
nami nikageuka, nikarudi nyumbani.
Hakuna aliyeniambia geuka.
Mwezi uliofuata nikampa Mbelwa kibarua cha kubeba nguzo.
Transfoma hajazirudisha.

Chambuso akapuliza moshi wa lehemu.
"Labda ulichoka tu," akasema.

"Labda."

Akaunga waya wa mwisho, tukawasha.
Kwanza kelele ya mchanga, halafu mlio safi.
Ile nondo bado ipo, tumeegeshea mlango wa nyuma,
na Chambuso aliitazama kidogo kabla ya kwenda kutia udhu.

Bango la mhadhara ujao limeshabandikwa ukutani kwangu.
Pande zote mbili wanataka spika sita.
Nimewaambia zipo nne.