Nne na Senti Tisini na Tano

Saa mbili na nusu asubuhi, Winnipeg, soko linafunguka
na mimi bado nina watoto kumi na mmoja ndani ya basi,
mmoja analia, glavu yake imebaki nyumbani.
Soko halingoji glavu.

Nikishawashusha wote naegesha nyuma ya kiwanda cha mikate,
injini ikinguruma
(ukiizima kwenye baridi hii ya thelathini na moja chini ya sifuri
utaiwasha Aprili),
naweka kompyuta juu ya usukani
na daftari juu ya goti, maana mali bila daftari,
mnajua inavyoishia.

Dalali mpya: hana ofisi, hana zulia, hana uso.
Ada yake dola nne na senti tisini na tano kila agizo.
Dalali wa zamani, Bwana Thorvaldson wa Portage Avenue: sitini na tano,
pamoja na kahawa na peremende ya mnanaa.

Tarehe tatu Desemba. Hisa mia mbili za kampuni ya mabehewa ya ngano.
Kioo kilisema kumi na nane na arobaini.
Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua zimenunuliwa
kwa kumi na nane na arobaini na saba.
Senti saba, mara mia mbili: dola kumi na nne
zimepita kati ya kidole changu na soko
kama upepo unaoujua ufa wa mlango.
Hazikuitwa ada. Hazikuitwa chochote.
Nimeziandika mimi.

Hata hivyo jumlisha: kumi na nane na tisini na tano.
Bado ni nafuu. Sitamwonea.

Ila tarehe kumi na tisa Januari inanikereketa.
Hisa imefika ishirini na mbili na senti kumi, nataka kuuza,
na ukurasa unazunguka, unazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Nywila. Tena nywila. Samahani, wateja ni wengi.
Nikapiga simu. Piano. Dakika hamsini na mbili za piano ileile,
mpigaji akikosea palepale.

Akaja kijana, Etieni, yuko Moncton,
sauti ya mtu aliyekula chakula chake akiwa amesimama.
Akaniuzia. Ishirini na themanini na tano.
Nikamuuliza: wewe zako umeziweka hapahapa?
Kimya. Nyuma yake nilisikia wenzake wakiomba radhi,
kila mmoja kwa mtu wake.
"Mama," akasema, "mimi bado nalipa deni la chuo."

Dola mia mbili na hamsini.
Nimezigawanya pembeni mwa ukurasa: ada hamsini kamili,
na chenji ya dola mbili na nusu.

Thorvaldson simtakasi.
Ndiye aliyeniingiza kwenye mgodi wa shaba huko kaskazini
ambao mpaka leo haujatoa ila maji.
Lakini mwaka ule, arobaini ya mume wangu haijatimia,
nilipomwambia uza, uza vyote,
alifunika kalamu yake akasema, "Leo siuzi. Rudi Alhamisi."
Neno lile sijui lilikuwa shilingi ngapi.
Sijui kama lilikuwa ndani ya zile sitini na tano
au alinipa tu, kama peremende.

Dakika tano kabla ya saa tisa, soko halijafungwa,
najaribu agizo dogo, hisa kumi.
Nusu sekunde. Bei ileile niliyoiona, senti kwa senti.
Alama ya kijani. Kazi safi, siwezi kukana.

Chini ya Utekelezaji naandika: mwepesi, akiamka.
Chini ya Ada: rahisi.
Chini ya Huduma wino umeganda; naipulizia kalamu,
naibana kwapani, nafungua mlango.

Mtoto wa glavu moja ndiye wa kwanza kupanda.
Ameitumbukizia mikono yote miwili.